Daftari la Vidole

Nilianza na masizi ya sufuria ya mama
na selotepu ya mia tano kutoka barabara ya kumi na mbili.
Kidato cha tatu, mvua ya Mei
inapiga mabati, mwalimu kakata tamaa, kakaa.
"Leteni gumba," nikasema, na darasa zima likaleta,
arobaini na wawili, kila mmoja akishangaa
kumbe ana ramani na hakuwahi kuisoma.

Wa kumi na saba ni Saburi,
mwana wa Bi Mwanakombo wa bajia.
Gumba lake lina kovu,
mstari mweupe unaokata mistari mingine
kama reli inavyoukata mji: Ngamiani huku, ofisi kule.
Kitabu kinauita mchoro wake kitanzi.
Tulilicheka sana jina hilo.

Sasa nipo chuo. Wajomba wanauliza,
maiti na mabomu, mtoto wa kike, vya nini?
Si ungesoma uhasibu?
Nawaongezea sukari kwenye chai.

Saburi aliondoka Alhamisi.
Mji wetu hujisifu, waja leo waondoka leo;
yeye alitimiza nusu ya pili.
Kuna kazi ya ghala, alimwambia mamake,
akabeba mashati mawili na kompasi yangu.
Miezi kumi na minne, kisha ujumbe mmoja kwenye simu:
*Mwambie mama asiniweke sahani.*

Asiniweke.
Mtoto wa Tanga angeandika *asiniwekee*.
Aliandika kwa haraka,
au aliandika mwingine,
au aliandika yeye, akiwa tayari ni mwingine.
Nimeisoma sentensi hiyo hadi ikaacha kuwa Kiswahili.

Mhadhiri huchora mishale ubaoni:
unyonge, hasira, rafiki, ahadi,
mshale, mshale, kisha duara jekundu.
Nikanyoosha mkono. Na wale arobaini na mmoja?
Mvua ile ile, mabati yale yale.
Mbelwa alikuja shule peku miaka minne,
leo anafunga mabomba ya watu Makorora
na ukimchelewesha malipo hutukana tu.
"Swali zuri," akasema mhadhiri, akafuta ubao.

Jumatatu Afande Mbilinyi alibisha kwa Bi Mwanakombo.
Mbali, ng'ambo ya mpaka, kuna mabaki ya mtu.
Wanatafuta kitu ambacho Saburi alikishika.
Hakuna. Kikombe, kioo, kitasa cha mlango,
vyote vimeoshwa kwa sabuni ya mche, mara tatu kwa wiki.
Afande aliandika neno fulani kwenye karatasi yake.
Ningemwambia: mama hafuti ushahidi, afande,
mama anafanya usafi.

Daftari lilikuwa chini ya godoro langu.
Ukurasa wa tano. Selotepu imegeuka njano,
gumba halijazeeka.

Sikwenda kituoni. Nilikwenda kwanza jikoni kwake.
"Ukiwapa, wataniambia ndiye?"
"Au siye."
"Na usipowapa?"
Sikujibu. Sahani ilikuwa pale, imefunikwa kawa.
Akafuta mikono kwenye kanga, akaweka kidole chake
juu ya kile cheusi, taratibu,
kama anayepima joto la mtoto.
"Alijikata akinikatia vitunguu," akasema.
"Akalia, akasingizia vitunguu."
Kisha akageuza bajia, maana zilikuwa zinaungua.
"Peleka."

Chumbageni, Afande alivaa glavu, akafungua kurasa.
"Mikono yako imo humu kote," akasema.
"Lazima tukutoe wewe kwanza."
Kidau cha wino, karatasi, kidole baada ya kidole.
Akainamia gumba langu na kioo cha kukuzia.
"Kitanzi," akamwambia mwandishi wake,
bila hata kuinua macho.

Wengi wetu ni vitanzi. Kipo kitabuni, nilijua.
Nilirudi kwa miguu, nikavuka reli,
wino bado kuchani,
nikanunua bajia za elfu moja
na sikuwa na njaa.